Fyuzi Ikikata, Iulize Sababu

Kifaa kidogo kuliko kidole ndicho kinachoamua kama hitilafu ya umeme itaishia kwenye plagi au itapanda hadi darini.

Chukua plagi ya pasi, ile ya miguu mitatu ya bapa, ikiwa imechomolewa ukutani. Legeza skrubu yake ya katikati kwa bisibisi, inua kifuniko, na utaona kipande cha kauri nyeupe kilichobanwa kati ya vishikizo viwili vya shaba. Urefu wake ni kama milimita 25, unene wake haufikii wa penseli. Ncha zake zimevikwa vikombe vya chuma, na ubavuni pameandikwa namba, mara nyingi 13. Ndani ya kauri hiyo umepita waya mwembamba uliozungukwa na mchanga mkavu. Umeme wote unaokwenda kwenye pasi hupita katika waya huo. Hiyo ndiyo fyuzi, na imewekwa pale ili iungue kabla ya kitu kingine chochote kuungua.

Wengi wetu huikumbuka siku inapokata. Pasi imezimika, sare ya mtoto haijanyooshwa, duka la vifaa vya umeme liko mbali, na mkono unatafuta kipande cha waya cha kuweka mahali pake ili kazi iendelee. Makala haya yanaomba jambo moja: kabla mkono haujafika kwenye waya huo, tuiulize fyuzi kwa nini imekata. Jibu huwa lipo, na mara nyingi linaonekana kwa macho.

Umeme umepanda mlima

Ninaandika nikiifikiria Mkuyuni, kwenye barabara inayotoka Bigwa mjini Morogoro, ikapita Kiroka na kuendelea hadi Matombo, Mvuha na Kisaki. Ni nchi ya mananasi, ndizi, machungwa na viungo. Iko upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, upande unaopokea pepo za Bahari ya Hindi, ndiyo maana mvua haiko mbali. Juu kwenye misitu mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na maji yake ndiyo yanayoulisha Mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam.

Mkoa wa Morogoro wenyewe ni ghala la umeme wa nchi. Kituo cha Kidatu kina uwezo wa megawati 204. Mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ina uwezo wa megawati 2,115. Lakini kwa miaka mingi umeme ulipita juu ya vijiji ukielekea mijini. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, ndio uliogeuza mambo. Gharama ya kuunganishiwa umeme wa kawaida kijijini ilishushwa hadi Sh27,000, na kwa nyumba ndogo isiyo na wayaringi ukaletwa ubao wa UMETA, yaani Umeme Tayari, wenye soketi, swichi, taa na breka yake.

Nguzo zimefika. Kilichochelewa ni elimu ya kuishi na kilichobebwa na nguzo hizo. Nyumba huanza na taa mbili na chaja ya simu. Baada ya mavuno huja televisheni. Mwaka unaofuata huja friji ya kuuzia barafu na juisi, kisha pasi, birika la umeme, na mwishowe jiko la umeme. Vifaa vinaongezeka kila msimu, lakini waya ulio ukutani ni uleule uliowekwa siku ya taa mbili. Anayesimama kati ya ongezeko hilo na moto ni fyuzi, au ndugu yake breka.

Udhaifu uliowekwa kwa makusudi

Kila waya unaopitisha umeme hupata joto. Mwanafizikia wa Uingereza James Prescott Joule alilipima joto hilo na kutangaza mwaka 1841 kwamba umeme ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, joto huongezeka mara tisa. Shaba yenyewe ni sugu, haiyeyuki hadi nyuzi joto 1,085. Lakini ganda la plastiki linaloivika, PVC ya kawaida ya majumbani, limetengenezwa kustahimili nyuzi 70 tu. Kwa hiyo waya wa ukutani huweza kubaki mzima huku ganda lake likilainika, likipasuka, na mwisho kushika moto pamoja na mbao zilizo jirani.

Fyuzi imejengwa juu ya kanuni hiyohiyo. Walioibuni waliamua kwamba, kwa kuwa njia ya umeme ikielemewa lazima ikatike mahali fulani, basi wao ndio wachague mahali hapo: sehemu moja nyembamba kuliko zote, iliyofungiwa ndani ya ganda lisiloungua, mahali mkono unapofika kuibadilisha. Mwaka 1847 Mfaransa Louis Breguet alipendekeza waya mwembamba utumike kulinda vituo vya telegrafu visiharibiwe na radi. Thomas Edison akapata hataza ya fyuzi Marekani mwaka 1890. Mwaka 1924 Mjerumani Hugo Stotz akaja na breka ndogo ya kuwashwa tena, babu wa breka zilizopo kwenye maboksi yetu leo.

Breka ina macho mawili. Ndani yake kuna bamba la metali mbili ambalo hupinda taratibu likipata joto. Hilo huona mzigo uliozidi. Kuna pia koili inayogeuka sumaku kali papo hapo umeme unapofurika. Hiyo huona shoti, yaani nyaya zilizogusana. Fyuzi hufanya kazi zote mbili kwa waya wake mmoja. Ikitokea shoti, waya huo huyeyuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mchanga uliouzunguka huzima cheche ambayo ingetaka kuendelea kuruka kati ya ncha mbili zilizoachana. Ndiyo sababu fyuzi ya plagi ni ya kauri yenye mchanga, na ile ya kioo, inayokaa ndani ya redio au stabilaiza, isihamishiwe kwenye plagi. Kioo hakikuumbwa kwa shoti kubwa.

Hesabu ya mstari mmoja

Namba iliyo kwenye fyuzi ni ampea, kipimo cha wingi wa umeme unaopita. Kuijua namba inayofaa hakuhitaji cheti. Tazama kibandiko cha kifaa, soma wati zake, gawanya kwa volti 230 za umeme wetu wa nyumbani. Pasi ya wati 1,200 hula ampea 5 na kidogo. Birika la wati 2,000 hula karibu ampea 9. Televisheni ya wati 100 haifikishi hata nusu ampea. Kwa plagi za aina hii fyuzi zilizozoeleka ni za ampea 3 na 13. Kwa kawaida, kifaa kisichozidi wati 700 kinatosheka na ya 3. Pasi, birika na jiko vinataka ya 13. Friji hutumia umeme kidogo ikiwa inaendelea kufanya kazi, lakini kompresa yake huvuta mwingi kwa muda mfupi inapoanza, kwa hiyo fuata maelekezo ya mtengenezaji wake.

Sasa tujaribu hesabu ya jioni ya kawaida. Ekstensheni moja imechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Juu yake pako pasi ya wati 1,200, birika la wati 2,000 na jiko la wati 1,500. Jumla ni wati 4,700. Gawanya kwa 230: zaidi kidogo ya ampea 20. Plagi ya ekstensheni ina fyuzi ya 13. Je, itakata?

Huenda isikate. Kiwango cha Uingereza, BS 1362, ambacho ndicho msingi wa fyuzi za plagi zetu, kinataka fyuzi ya ampea 13 istahimili mara 1.6 ya namba yake, yaani karibu ampea 21, kwa dakika 30 bila kukata. Ikifika mara 1.9, karibu ampea 25, ndipo inatakiwa ikate ndani ya muda huo. Maana yake ni kwamba ekstensheni yetu ya ampea 20 inaweza kuendelea kuchemka nusu saa nzima, plagi ikibadilika rangi na kunuka, wakati fyuzi bado iko ndani ya wajibu wake. Fyuzi hulinda waya usifike kwenye moto. Haikupi ruhusa ya kuujaza waya hadi ukingoni. Ukiigusa plagi ukakuta ni ya moto kiasi cha kuondoa kidole, punguza mzigo hata kama kila kitu bado kinawaka.

Fyuzi iliyohamia darini

Turudi kwenye kile kipande cha waya. Boksi za zamani zina fyuzi za kufungwa kwa mkono, ambazo waya wake huuzwa kwa unene: milimita 0.2 kwa ampea 5, milimita 0.5 kwa ampea 15, milimita 0.85 kwa ampea 30. Tofauti ni ndogo kwa macho, kubwa mno kwa kazi. Fundi wa haraka asiye na waya huo hukata kipande cha waya wa wayaringi, ule wa milimita za mraba 2.5 unaotumika kwenye soketi, na kukifunga pale. Taa zinawaka, anashukuriwa, anaondoka.

Tukipiga hesabu, kipande hicho hakiyeyuki mpaka kipitishe karibu ampea 190. Waya wa taa uliomo darini ni mwembamba zaidi, wa milimita za mraba 1.5, na huyeyuka kwenye karibu ampea 130. Kwa hiyo siku ya hitilafu, kitakachotangulia kukatika ni waya wa darini, na muda mrefu kabla haujakatika ganda lake litakuwa limeshika moto juu ya chumba wanacholala watoto. Nyumba ile bado ina fyuzi. Imehamishwa tu kutoka kwenye boksi hadi darini, mahali pasipo na kauri wala mchanga, na pasipoonekana.

Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara hufanya kosa hilohilo. Vivyo hivyo msumari, na vivyo hivyo breka ya ampea 32 iliyowekwa mahali pa ya 10 kwa sababu ile ya 10 “inasumbua”. Tena ziko njia za kuikwepa fyuzi bila hata kuigusa: nyaya mbili tupu kuingizwa kwenye matundu ya soketi na kubanwa kwa kijiti, au plagi ya miguu miwili isiyo na fyuzi kulazimishwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu. Kifaa kinafanya kazi, lakini kimekosa fyuzi na kimekosa ethi kwa mpigo mmoja.

Mambo ambayo fyuzi haiyaoni

Heshima ya fyuzi isitufanye tuidhani inajua kila kitu. Kwanza, haimlindi mtu anayepigwa na umeme. Kiasi cha sehemu ya ishirini ya ampea moja kikipita kifuani kinaweza kuua, na fyuzi ya 13 haitajua kuwa kuna mtu ameshika waya. Kazi hiyo ni ya breka ya kugundua umeme unaovuja, ambayo kwa majumbani hukata kwenye ampea 0.03, ikisaidiwa na ethi nzuri. Ethi ni ule waya wa kijani na njano unaoishia kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Fimbo hiyo inataka udongo wenye unyevu na kiungo kisicho na kutu. Waya wake wa shaba ukiibwa, hakuna taa itakayozimika kukuarifu. Inabidi uutazame mwenyewe.

Pili, fyuzi haioni volti iliyopanda. Radi ikipiga karibu na laini, na upande huu wa Uluguru mvua za masika huja na ngurumo, msukumo wake hupita kwenye fyuzi na kufika kwenye televisheni kabla waya haujapata muda wa kuyeyuka. Ndani ya kifaa cha kuzuia msukumo kuna kipuli kiitwacho varista ambacho hufungua njia volti inapozidi, kikaumwaga umeme huo pembeni. Hapo ndipo fyuzi hupata sababu ya kukata. Kinga ya uhakika zaidi haina gharama: ngurumo zikianza, chomoa friji, televisheni na dekoda, pamoja na waya wa antena.

Tatu, na hili huwashangaza wengi, fyuzi haioni skrubu iliyolegea. Kiungo kibovu hakiongezi umeme unaopita, huupunguza kidogo. Lakini chukua kiungo chenye ukinzani wa nusu omu kinachopitisha ampea 10: joto lake ni wati 50, zote zikiwa zimekusanyika kwenye kidoa kimoja. Ni kama chuma cha kulehemu cha fundi redio kilichosahauliwa ndani ya soketi yako, kikiwa kimewashwa. Plastiki hugeuka njano, kisha kahawia, kisha nyeusi, na fyuzi iko salama muda wote huo. Dalili ni harufu ya plastiki inayoungua, taa zinazopepesa, na sauti ya kukwaruza unapogusa plagi. Soketi ya hivyo haisubiriwi ikatike.

Kuitafuta hitilafu

Kanuni ya kwanza ya kutafuta hitilafu ni kuzima meni swichi kabla ya kufungua chochote, kisha kuhakikisha kwa testa au multimita kwamba umeme umekatika kweli. Jaribu kwanza testa hiyo mahali unapojua kuna umeme, ili usije ukaamini testa mbovu. Usifanye kazi hii peke yako, wala ukiwa na mikono au miguu yenye maji.

Kanuni ya pili ni kwenda kwa mpangilio, kutoka nje kuja ndani. Jirani ana umeme? Kama hana, tatizo ni la laini, na kazi ni ya shirika la umeme, TANESCO. Anao? Angalia mita ya LUKU kama yuniti zimebaki. Zimebaki? Tazama meni swichi na breka. Breka zote ziko juu? Jaribu soketi nyingine kwa kifaa unachojua ni kizima. Kikiwaka huko, soketi ya kwanza ndiyo mgonjwa. Soketi zote zinafanya kazi? Basi rudi kwenye plagi na fyuzi ya kifaa chenyewe. Mpangilio huu unachukua dakika chache na unamzuia mtu kufungua friji nzima kumbe yuniti zimeisha.

Breka inapojikata, namna inavyojikata ni ushahidi. Ikirudi chini papo hapo unapoipandisha, hiyo ni shoti: laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro, ule unaourudisha, zimegusana mahali fulani. Ikikaa dakika kumi au ishirini ndipo ikajikata, ni mzigo uliozidi, au kiungo kilicholegea ndani ya boksi kinachoipasha moto. Ikijikata siku za mvua tu, kuna maji yanayoingia: kwenye taa ya nje, kwenye boksi la kiungo chini ya bati linalovuja, au kwenye waya uliopitishwa darini ambapo panya wamekula ganda lake.

Namna ya kuipata ni kuchomoa kila kitu, kuzima taa zote, kisha kupandisha breka mara moja. Ikijikata nyumba ikiwa tupu, hitilafu iko kwenye wayaringi. Hapo simama, uitwe fundi. Ikikaa, rudisha kifaa kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha ndicho cha kupeleka kwa fundi. Kuipandisha breka mara tano mfululizo ukitumaini itakubali ni kuilisha shoti mara tano.

Fyuzi nayo husomeka kama barua. Ile ya kioo, kama waya umekatika katikati na kioo kimebaki kisafi, ilielemewa taratibu. Kioo kikiwa kimepakwa weusi au kung'aa kama kioo cha kujitazamia, palitokea shoti kali, na kubadilisha fyuzi bila kuitafuta shoti hiyo ni kupoteza fyuzi ya pili. Ya kauri haionyeshi kitu kwa nje. Itoe, weka multimita kwenye kipimo cha omu, gusa ncha zake mbili: ikisoma karibu na sifuri na kulia, ni nzima, isiposoma chochote, imekufa. Herufi zilizoandikwa kwenye vikombe vya fyuzi ndogo zinazokaa ndani ya vifaa zina maana pia. F ni ya kukata upesi, T ni ya kuvumilia kidogo kwa ajili ya vifaa vinavyovuta umeme mwingi vinapoanza. Badilisha F kwa F, T kwa T, na namba kwa namba ileile.

Kuna dalili moja inayotaka haraka kuliko zote. Ukiona baadhi ya taa zinawaka kwa ukali usio wa kawaida huku nyingine zikififia, nyutro imekatika au imelegea, pengine kwenye nguzo. Mfumo wetu wa fezi tatu una volti 400 kati ya fezi na fezi, na nyutro ndiyo inayoigawia kila nyumba 230 zake. Ikipotea, nyumba hugawana volti hizo bila haki, na yenye vifaa vidogo hupata kubwa. Zima meni swichi kwanza, kisha waarifu TANESCO.

Mashine inaponguruma bila kuzunguka

Hasara kubwa ya kijijini mara nyingi haitokei sebuleni. Hutokea kwenye mashine ya kusaga. Mota ya fezi tatu ya kilowati 15 hula karibu ampea 28 kwenye kila fezi ikiwa na mzigo kamili, na inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo. Kwa hiyo fyuzi zake huwekwa kubwa ili zivumilie mwanzo huo. Sasa fyuzi moja kati ya tatu ikikata, mota hubaki na fezi mbili. Kama ilikuwa imesimama, itanguruma bila kuzunguka. Kama ilikuwa inazunguka, itaendelea, na hapo ndipo mwenye mashine anapodanganyika: fezi mbili zilizobaki hubeba karibu mara 1.7 ya mzigo wao, kiasi ambacho fyuzi kubwa haioni kuwa ni tatizo, huku koili ndani ya mota zikiungua.

Kinachoiokoa ni ovalodi rilei, kifaa kidogo chenye kitufe cha kurekebishia ampea kilicho chini ya kontakta. Kinatakiwa kiwekwe kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, na kisifungwe kwa waya wala kupandishwa juu kwa sababu “kinakatakata”. Ukisikia sauti ya mota imebadilika na pumba zinatoka polepole, zima. Pima fezi zote tatu kabla ya kuwasha tena. Kuwaindi mota upya ni gharama ya fedha na siku za kusubiri, na siku hizo wateja hupanda na magunia yao hadi kijiji kingine.

Hata juu ya transfoma kuna fyuzi. Ni ile mirija mitatu iliyobanwa mshazari juu ya nguzo. Ikikata kwa mlio mkubwa, mrija hufunguka na kuning'inia ili fundi aione kutoka chini. Transfoma ya kVA 50 kwenye laini ya volti 33,000 haivuti hata ampea moja kwa kila fezi upande wa juu, lakini upande wa chini hutoa karibu ampea 72 za kugawiwa nyumba. Mirija ile ni ya mafundi wa TANESCO na fito zao maalumu pekee. Kuisogelea tu kunaweza kuua.

Katika mfumo uliopangwa vizuri, kinga iliyo karibu na hitilafu hukata kwanza, na zilizo mbali hubaki. Mpangilio huo ukishindwa, jambo dogo husambaa. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma. Ilijikata, mashine nyingine zikaelemewa nazo zikajikata, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika. Nyumbani kanuni ni hiyohiyo: plagi yenye fyuzi sahihi huzima pasi peke yake, na friji inaendelea kugandisha.

Pikipiki na sola

Kwenye vitongoji vya juu ambako nguzo hazijafika, sola na pikipiki ndizo zilizobeba umeme. Volti 12 zinaonekana ndogo, lakini betri ikipata shoti humwaga mamia ya ampea bila kusita. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, maana waya ulio kati ya betri na fyuzi haulindwi na yeyote. Fyuzi za bapa hutambulika kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Dereva wa bodaboda anayefunga waya mahali pa nyekundu yake anasafiri na moto chini ya kiti, hatua chache kutoka kwenye tangi la petroli.

Tufundishane, tuulize

Leseni za mafundi wa wayaringi hutolewa na EWURA, na mwenye nyumba ana haki ya kuiomba aione kabla kazi haijaanza. VETA ina chuo Kihonda, Morogoro, na vijana wa Mkuyuni wanaoupenda ufundi wangefika huko kwa nauli ya siku moja. Serikali ya kijiji inaweza kumwalika fundi mwenye leseni kwenye mkutano mmoja wa hadhara akafungua plagi, boksi na soketi iliyoungua mbele ya watu wote. Mwalimu wa fizikia anayefundisha fyuzi ubaoni awaache wanafunzi waishike mkononi. Na kila mtu nyumbani, pamoja na msichana wa kazi na bibi, ajue meni swichi iko wapi, ajue kwamba moto wa umeme haumwagiwi maji, kwamba aliyenaswa hashikwi kwa mkono mpaka umeme uzimwe, na kwamba namba ya Zimamoto ni 114.

Kisha tuwasaidie wenye maduka. Rafu nyingi zimejaa fyuzi za 13 kwa sababu ndizo zinazoulizwa, hata na mtu anayekwenda kuiweka kwenye televisheni ya ampea nusu. Duka huleta kinachoombwa. Tukiingia tukataja namba, tukaomba ya ampea 3 kwa televisheni na waya wa fyuzi wa milimita 0.2 kwa boksi la taa, tukakataa kipande cha waya tunachopewa bure, bidhaa hizo zitapanda mlima kama zilivyopanda nguzo.